Nzi wa Macho Mekundu

Siku ile mbuzi wa Maige alichinjwa saa nne asubuhi, na ilipofika saa tano na nusu nyama yake ilikuwa inatembea.

Odeta aliona kwa macho yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwa Maige, anamenya ndizi pamoja na wanawake wengine watatu, kwa sababu siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kuleta posa ya binti mkubwa wa Maige. Winnie, mke wa Maige, alikuwa anachemsha mafuta kwenye karai. Nyama ilikuwa ndani ya beseni, beseni juu ya jiwe, limefunikwa nusu kwa jani la mgomba. Mama mkwe wa Odeta, bibi Tereza, alipita akitoka ziwani, akasimama kuwasalimu, akainama kidogo kuangalia beseni.

"Imenona hii," alisema. "Mungu awalinde wageni njiani."

Kisha akashika njia ya nyumbani taratibu, mkono mmoja kiunoni kama kawaida yake.

Hazikupita dakika ishirini. Winnie alikwenda kuchukua nyama, akafunua jani, na Odeta akamsikia anavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Funza. Weupe, wembamba kama vipande vya uzi, makumi kwa makumi, wanajikunja na kujikunjua juu ya paja la mbuzi ambaye saa mbili zilizopita alikuwa anakula majani. Winnie alirudi nyuma akipiga kelele, kisigino chake kikagonga karai, na mafuta ya moto yakammwagikia mguu wa kushoto.

Kasamwanda ni mwalo mdogo wa wavuvi kaskazini mwa Mwanza mjini, nyumba zimebanana kati ya mawe makubwa na ziwa, na kila mwanamke wa pale amekulia kwenye samaki. Nzi wanawajua. Nzi wa kijani akitua kwenye sato anaacha mayai, chembechembe nyeupe zilizoshikana kama chenga za mchele. Unayakwangua kwa kisu, unaosha, unaendelea na kazi. Funza hutoka kesho yake, kama umezembea. Hivyo ndivyo ilivyo tangu wanawake hao wamezaliwa. Lakini kwenye nyama ya Maige hapakuwa na yai hata moja. Funza walikuja wakiwa hai, kama waliomwagwa na mkono wa mtu.

Hakuna aliyetaja jina. Walimpaka Winnie asali kwenye mguu, wakaimwaga nyama shimoni, wakachinja kuku. Ila Odeta, akiwa bado ameshika kisu cha ndizi, aliona wanawake wale watatu wakitazama, mmoja baada ya mwingine, kule alikoelekea bibi Tereza.

Bibi Tereza alikuwa na macho mekundu. Miaka arobaini alikuwa amekaa mbele ya tanuri la kukaushia samaki, anageuza vichwa vya sangara juu ya chanja, moshi ukimwingia usoni asubuhi na jioni. Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka rangi ya matofali, na kope zimekatika. Kwa wasio wa Usukumani hilo ni jambo la kumpeleka mtu hospitali. Kwa waliokulia huko ni jambo linaloweza kumfanya bibi kizee aitwe mchawi na kukatwa kwa panga.

Odeta hakuwa Msukuma. Alikuwa Mjita wa upande wa Musoma, aliolewa Kasamwanda na Nathaniel, mtoto pekee wa Tereza. Nathaniel alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao, Hellen, alikuwa fundi cherehani Mkuyuni, huko mjini. Kwa hiyo nyumba ilibaki na wanawake wawili ambao hawakuwa na damu moja, na ambao hadi siku ile ya mbuzi walikuwa wameishi vizuri kuliko wengi wenye damu moja.

Siku ya pili yake bibi Tereza alikwenda kumpa Winnie pole. Alikaa kitandani kwake, akamfungua kitambaa cha mguu kuangalia lengelenge lililopasuka, akakifunga tena. Siku ya nne Winnie akaanza kulalamika kwamba kidonda kinamwasha kwa ndani, kama kuna kitu kinachimba. Odeta alikuwepo pia siku hiyo. Alimsaidia kufungua kitambaa, na harufu ikampiga kabla ya macho kuona.

Ndani ya nyama nyekundu ya mguu, funza walikuwa wamejipanga wima, wanene sasa, wamesongamana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Na kila mmoja, kwenye ncha iliyotazama juu, alikuwa na vidoti viwili vyeusi.

"Wana macho," Winnie alinong'ona. "Odeta, wananiangalia."

Odeta aliinama zaidi. Vidoti vile vilikuwa vinafunguka na kujifunga.

Maige alimpakia mkewe kwenye pikipiki hadi zahanati, na jioni wakarudi, mguu umefungwa bandeji safi. Nesi alikuwa amewatoa wote. Winnie hakusema nesi alimwambia nini, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kesho yake asubuhi Maige alipanda pikipiki tena akaenda kwa mpiga ramli mmoja huko bara. Alirudi na jibu, na kabla ya adhuhuri mwalo mzima ulikuwa nalo mdomoni: aliyeleta funza ni mwanamke mzee, hana mume, macho yake ni kama makaa, na mlango wake unatazama ziwa.

Kasamwanda milango inayotazama ziwa ni mingi. Macho kama makaa yalikuwa ya mtu mmoja.

Hapo hofu ikaingia nyumbani kwa Odeta, na aina mbaya zaidi haikuwa ile iliyotoka nje. Watu wakiacha kukusalimu, unajua pa kuwatazama. Lakini Odeta alianza kumtazama mama mkwe wake. Alimtazama anavyochota ugali kwa vidole vilivyopinda. Alimtazama anavyoongea peke yake akigeuza samaki, jambo alilolifanya miaka yote, na sasa Odeta akasogea karibu kusikia maneno. Aliyachunguza yale macho na kuona kwamba hayapepesi kama ya watu wengine. Kope hazikuwepo, ndiyo. Lakini je, kope tu?

Kisha likaja lile alilokuwa amelisukuma mbali miaka minne. Nathaniel alikatwa na panga la injini ya boti, mguuni, chini ya goti. Kidonda kilikataa kupona. Mama yake ndiye aliyemuuguza, mchana kutwa amekaa naye barazani akimpepea, na asubuhi moja Odeta alipobadilisha bandeji alikuta funza. Wiki moja baadaye Nathaniel alikuwa kaburini. Hospitali walisema ni sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Odeta aliamini. Lakini sasa, akiwa amesimama na sahani ya ugali uliopikwa na bibi Tereza, aliwaona tena wale funza wa mguu wa mumewe, na aliona kwamba nao walikuwa na vidoti viwili.

Alikwenda nyuma ya nyumba akawamwagia kuku ugali wote.

Alifanya hivyo siku tano. Alikula mihogo sokoni Mkuyuni alipopeleka samaki, akarudi na kusema ameshiba. Bibi Tereza alisema tu, "Unakonda, Mama Hellen," na kumwekea sehemu yake ndani ya bakuli lenye kifuniko.

Siku ya Alhamisi asubuhi Odeta alifungua mlango akakuta panga limelazwa kizingitini. Limenolewa upya, makali yake yalikuwa yanang'aa hadi kwenye mpini. Alisimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, asiweze kulivuka wala kuliokota. Bibi Tereza alitokea nyuma yake, akachungulia, akainama, akalichukua.

"Shangazi yangu aliletewa jembe," alisema. "Nilikuwa bado sijavunja ungo. Waliweka jembe siku tatu, siku ya nne wakaja." Akapitisha kidole gumba kwenye makali kama mtu anayepima kisu cha jikoni. "Hili ni la Yakobo wa hapa mwaloni. Nalijua mpini wake."

"Mama, twende tukaseme kwa mwenyekiti."

"Shigela?" Bibi alimtazama kwa yale macho. "Shigela amelipita hili panga alfajiri akienda ziwani. Njia yake ni hapa mlangoni."

Akaenda kulisimamisha nyuma ya mlango, akakaa mbele ya tanuri lake, akawasha moto. Odeta aliona njiti tatu za kiberiti zikikatika mikononi mwa mama mkwe wake. Alikuwa hajamwona akiogopa kamwe. Na badala ya huruma, Mungu amsamehe, wazo lililompitia kichwani lilikuwa hili: mchawi anaogopa kukamatwa.

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, Maige alimkuta Odeta ufukweni anaosha matenga. Alikuwa mtu mpole Maige, fundi wa kushona nyavu, mtu ambaye alibeba jeneza la Nathaniel upande wa mbele. Alichuchumaa karibu naye na kuongea huku akitazama maji.

"Mama Hellen, wewe kwenu ni Musoma. Una muda gani hujawasalimia wazazi?"

"Tangu Pasaka."

"Nenda Jumamosi. Panda gari la asubuhi. Urudi Jumatatu."

Odeta aliendelea kusugua tenga lilelile. "Kwa nini Jumamosi, baba?"

"Kwa sababu hatuna ugomvi na wewe. Umekaa na mzigo ambao si wako. Jumatatu ukirudi utakuta nyumba ni yako, na hakuna mtu atakayekuuliza kitu." Alinyanyuka akajifuta magoti. "Au unasemaje?"

Odeta aliitikia kwa kichwa. Kichwa chake kilishuka na kupanda, mara moja, kama cha mtu aliyeulizwa kama ameshakunywa chai. Maige akaenda zake. Odeta alibaki ndani ya maji hadi vifundoni, na baridi ikampanda miguuni hadi kifuani, kwa sababu alielewa vizuri alichokikubali.

Jumamosi asubuhi alifungasha begi. Bibi Tereza alikuwa anatoka kwenda kigangoni. Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kufagia kanisa, na panga mlangoni halikumfanya aache. Aliondoka amejifunga kanga kichwani hadi karibu na nyusi. Hakuuliza begi ni la nini. Alisema tu, "Wasalimie Musoma," na Odeta akageuza uso.

Alikuwa ameparua sato mmoja wa kula njiani. Akamwosha kwa maji mawili, akamweka kwenye sahani ya bati juu ya jiwe la uani, safi kabisa, akakaa kusubiri mafuta yachemke. Nyumba ilikuwa tupu. Ua ulikuwa mtupu. Kati yake na kigango kulikuwa na kilima kizima cha mawe.

Nzi akatua kwenye sahani.

Kama si kwa kuwa alikuwa anaangalia sahani asione kitu kingine, asingemjali. Alikuwa nzi mkubwa, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani mara mbili, wa kijivu. Alitembea hatua chache kwenye ubavu wa samaki, akasimama karibu na shavu, akainua kidogo sehemu yake ya nyuma, akaishusha. Kitu cheupe kikadondoka. Kikajinyoosha. Kikaanza kutambaa.

Odeta alisogeza uso karibu na sahani.

Kikadondoka cha pili. Cha tatu. Nzi alikuwa anazaa. Hakuwa anataga, alikuwa anazaa watoto wanaotembea, na kila mmoja alipogusa nyama aliinamisha kichwa na kuingia shavuni mwa samaki bila kupoteza muda, kama anayejua njia.

Alirusha kitenge chake, akamnasa. Alimshika kupitia kitambaa, mabawa yakimtetemekea kwenye vidole, akamsogeza usoni. Mgongoni, nyuma ya kichwa, alikuwa na mistari mitatu myeusi iliyonyooka kama iliyochorwa kwa rula. Tumbo lake lilikuwa na miraba myeupe na myeusi, mraba kwa mraba, mfano wa ubao wa drafti ambao vijana huchezea kwa vizibo vya soda. Miguu ilikuwa na vinyweleo vigumu. Na macho yalikuwa mekundu. Mekundu kama matofali. Yule nzi alimtazama, au alionekana kumtazama, na hata akiwa ameshikwa aliendelea kuzaa: Odeta alihisi ubaridi mdogo kwenye ngozi ya mkono wake, akatazama, akaona funza wawili wanapanda kuelekea kwenye mkwaruzo aliokuwa ameupata kwenye tenga.

Alipiga ukelele akajifuta kwenye jiwe. Lakini hakumwachia nzi. Alimbonyeza tumbo kwa ukucha, likapasuka, na ndani walikuwemo, wamejaa tele, wamelazwa ubavu kwa ubavu, wote hai.

Alikaa chini. Alifikiria nyama ya Maige, iliyofunikwa nusu. Mguu wa Winnie kwenye kile chumba chenye joto na kitambaa kilicholowa. Nathaniel barazani, na mama yake akimpepea mchana kutwa. Alikuwa anafukuza nzi, mama wa watu, alikuwa anafukuza nzi, na usingizi ukimpitia mara moja tu inatosha. Kisha akafikiria kichwa chake mwenyewe kikishuka na kupanda pale ufukweni.

Mafuta yalikuwa yanaungua. Aliyaepua. Alichukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, akabana kipande cha sato kwenye kitako chake kama chambo, na kwa nusu saa aliwavizia wengine hadi akapata wanne. Akafunika kwa kipande cha chandarua. Halafu akampigia Hellen simu.

"Chukua kalamu," alisema, bila salamu. "Andika majina."

"Mama, kuna nini?"

"Andika. Maige. Yakobo. Mwenyekiti Shigela." Aliendelea hadi yakafika saba, wale wote waliokuwa wameacha kumsalimu au walioanza kumsalimu kwa upole uliozidi. "Nisipokupigia kabla ya saa kumi, nenda polisi na karatasi hiyo, uwaambie bibi yako na mama yako wameuawa na hao."

Alisikia binti yake anaanza kulia, akakata, kwa sababu naye angelia na hapakuwa na nafasi.

Alikwenda kwanza kwa Winnie. Alipita mlango wa nyuma, akamkuta kitandani, mguu juu ya mto, na bila kusema lolote akamwekea chupa kifuani. Alitegemea mshangao. Winnie aliangalia wale nzi, na funza wapya waliokuwa tayari wanamtambalia samaki, akafumba macho.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nesi aliniambia. Sabina wa zahanati. Alisema ni nzi wa nyama, mayai yake yanaanguliwa akiwa nayo tumboni, ndiyo maana anaangusha funza walio hai. Hata yale macho, akasema si macho. Ni matundu ya kupumulia. Kichwa kimo ndani kinakula, wanapumua kwa nyuma." Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni na kuingia masikioni. "Maige alikuwa nje na pikipiki. Niliposema nimweleze, kesho yake akawa ameshakwenda kwa mpiga ramli. Ameshaongea na wanaume. Ningesema nini? Wangesema bibi ameniloga hata mdomo, ninamtetea."

Odeta alitaka kumpiga. Mkono ulimwinuka kabisa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameacha begi limefungashwa kitandani.

"Wako wapi?"

"Hapo uani. Wanasubiri jua lipungue."

Walikuwa sita chini ya turubai ambalo wageni wa posa walikalia, wamezunguka debe la pombe, na walipomwona Odeta anatoka ndani ya nyumba ya Maige badala ya kuwa njiani kuelekea Musoma, mazungumzo yalikatika. Mapanga mawili yalikuwa yameegemezwa kwenye nguzo. Yakobo alisimama. Odeta alijua kama atasubiri hataongea kabisa.

"Maige," alisema, "leta kipande cha nyama. Mbichi."

"Mama Hellen, nilikwambia…"

"Leta nyama!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Hakuna aliyesogea. Basi akachukua mwenyewe: kulikuwa na maini ya mbuzi kwenye sahani, yamewekwa kando kwa ajili ya kuchoma. Aliweka kipande kwenye meza mbele yao, akageuza chupa juu yake, mdomo chini, akavuta chandarua polepole. Nzi walipigapiga kuta za plastiki. Dakika ilipita, ndefu kuliko misa. Yakobo alicheka kidogo. Kisha mmoja akatua kwenye ini, akainua nyuma yake.

Waliinama wote. Aliwaona wanavyoinama, wanaume wazima sita, pumzi zao zikiweka ukungu kwenye chupa, wakitazama funza akitoka tumboni mwa nzi na kuanza kutembea.

"Bibi Tereza yuko kigangoni," Odeta alisema. "Sasa mniambie nani amewaleta hawa."

Yakobo akasema, "Basi huyo nzi ametumwa naye."

Na Odeta aliona vichwa viwili vinakubali. Alikuwa ameweka kila kitu kwenye ile chupa, na chupa haikutosha.

Winnie ndiye aliyesema. Alikuwa amejikokota hadi mlangoni, ameshika fremu, mguu mmoja hewani. Aliyasema maneno ya nesi yote, kuanzia mwanzo, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mumewe. Alisema alijua tangu siku ile ya zahanati. Alisema, "Mkimuua, mnamuua kwa ajili yangu, na mimi nimesema hapana mbele ya watu." Maige alimwendea kwa hatua mbili, mkono juu.

"Majina yenu yako Mkuyuni," Odeta alisema haraka. "Saba. Hellen anayo. Saa kumi anakwenda polisi nisipopiga simu. Shigela, lako ni la tatu."

Mwenyekiti Shigela alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Alikuwa amekaa pembeni kama mtu aliyepita tu kunywa. Sasa alitazama saa yake, akatazama mapanga kwenye nguzo, kana kwamba ndiyo kwanza anayaona, akasimama akakung'uta suruali.

"Mimi sikuja hapa kwa jambo lolote," alisema. "Kila mtu aende nyumbani kwake. Ni amri ya mwenyekiti."

Wakaenda. Sio kwa sababu ya nzi, Odeta alijua. Labda wawili kati yao. Waliobaki waliondoka kwa sababu kitu kilichotakiwa kifanyike bila kutamkwa kilikuwa kimetamkwa mchana kweupe, na majina juu yake. Yakobo alichukua panga moja, akaacha lingine.

Odeta alimkuta bibi Tereza njiani, anateremka kutoka kigangoni na ufagio wake, na palepale kati ya mawe Odeta akapiga magoti. Alimweleza kila kitu: kuku na ugali, Nathaniel, Maige pale ufukweni, kichwa kilivyoitikia. Alitaka kuacha jambo moja asiseme, lile la mwisho, lakini likatoka.

Bibi alisikiliza akiwa amesimama.

"Ya kuku nilijua," alisema mwisho. "Hiyo nyingine sikuijua."

Hakusema amemsamehe. Alimshika mkono akamwinua, kwa sababu mawe yalikuwa ya moto, wakatembea hadi nyumbani. Saa tisa na nusu Odeta akampigia Hellen.

Hawakuendelea kukaa Kasamwanda. Nesi Sabina alikuja wiki iliyofuata akawakusanya akina mama, akaeleza habari za nzi wa nyama na kufunika vidonda, na wengi walisikiliza. Vyandarua vilianza kuonekana juu ya chanja za samaki. Lakini kila bibi Tereza alipotoka nje Odeta alitoka naye, na kila mbwa alipobweka walitazamana. Baada ya majuma matatu walipakia godoro na masufuria kwenye gari la mizigo kwenda Mkuyuni, kwenye chumba ambacho Hellen alikuwa amewatafutia.

Siku ya kuondoka Maige alikuja. Alibeba godoro bila kuombwa, akalifunga kwa kamba alizosokota mwenyewe, fundo la nyavu lisilofunguka. Kisha akasimama mbele ya bibi Tereza, ambaye alikuwa ameshakaa mbele, kando ya dereva, na kofia yake akaishika mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Dereva alisubiri. Odeta, aliyekuwa juu kwenye mizigo, alisubiri. Watu wachache waliosimama kando ya njia walisubiri pia, na upepo wa ziwa ukapita katikati yao wote. Bibi Tereza alimtazama Maige kwa macho yake mekundu, akamtazama kwa muda ambao ungemtosha mtu kuitikia salamu mara kumi. Halafu akageukia mbele.

"Twende," akamwambia dereva.